Gari la dizeli lisilogoma alfajiri: mwongozo kutoka mwalo wa Kirumba hadi baridi ya Makete

Saa kumi alfajiri mwaloni Kirumba, Mwanza, hakuna anayemsubiri mwenzake. Sangara wameshapimwa, barafu imeshavunjwa na kumwagwa juu yao, wapakiaji wameshalipwa na kwenda kwenye gari jingine. Hapo ndipo unapopiga selfu, injini inazunguka, inazunguka, haiwaki. Kila dakika inayopita barafu inageuka maji, na maji hayo ni hela yako inayochuruzika chini ya gari.

Nimebeba samaki na dagaa kwa Hiace za dizeli kwa miaka mingi. Kila mwaka, kuanzia Juni, huwa napeleka dagaa nyanda za juu kusini na kurudi na viazi vya Njombe na Makete. Ni safari hizo zilizonifundisha jambo ninaloliandikia mwongozo huu: joto la Mwanza linaficha ugonjwa wa gari. Plagi za hita mbili kati ya nne zinaweza kuwa zimekufa, betri ikawa nusu, dizeli ikawa na maji, na bado gari likawaka kwa kusuasua kwa sababu usiku wetu kwa kawaida haushuki sana chini ya nyuzi 16 au 17. Lipeleke gari hilohilo Makete mwezi Julai, halitawaka. Gari linalohitaji kupigwa selfu mara mbili Mwanza ni gari bovu tayari, na dawa yake itafutwe hapahapa ambako fundi na vipuri vipo.

Dizeli inawakaje

Injini ya petroli ina cheche. Ya dizeli haina. Pistoni inapanda na kuigandamiza hewa kwa nguvu, katika injini za zamani za Toyota kama 3L na 5L zaidi ya mara 20 ya ujazo wake, na hewa iliyogandamizwa hivyo inapata moto wa nyuzi mia kadhaa. Nozeli inapopuliza dizeli ndani ya hewa hiyo, dizeli inawaka yenyewe.

Injini ikiwa ya baridi, chuma kinanyonya joto la hewa kabla dizeli haijafika. Ndiyo maana kuna plagi za hita, zile zinazopasha moto chumba cha kuwakia kabla ya kupiga selfu. 3L na 5L zina kichumba kidogo cha pembeni ambamo moto unaanzia, kwa hiyo zinazitegemea sana. Injini mpya zaidi za Toyota kama 1KD na 2KD hupuliza dizeli moja kwa moja juu ya pistoni na huwaka kwa urahisi zaidi, lakini nazo zikifika kwenye baridi ya kweli zinadai plagi nzima.

Kwa hiyo alfajiri gari linataka vitu vitatu: mzunguko wa kasi, joto chumbani, na dizeli safi isiyo na hewa wala maji. Likigoma, kimoja kati ya hivyo hakipo. Kazi yako ni kujua ni kipi, kabla hujaanza kununua vipuri kwa kubahatisha.

Sikiliza, kisha tazama bomba la moshi

Piga selfu, na mwenzako asimame nyuma ya gari.

Injini ikizunguka kwa uvivu, kama mtu anayepandisha mlima Bugando na gunia kichwani, shida ni betri, nyaya zake au stata yenyewe. Usiguse plagi kwanza.

Ikizunguka kwa kasi na bomba halitoi moshi wowote, dizeli haifiki. Tafuta hewa kwenye mfumo, chujio lililoziba, au swichi ya kuzimia iliyo kwenye pampu. Ikizunguka kwa kasi na bomba likatoa moshi mweupe wenye harufu kali ya dizeli mbichi, dizeli inafika ila haiwaki. Hapo ndipo plagi zinashukiwa. Moshi huo ukiisha baada ya dakika moja au mbili za kuwaka, na mtetemo ukatulia, karibu ni hakika kwamba plagi moja au zaidi imekufa.

Moshi mweupe usioisha, wenye harufu tamutamu, huku maji ya rejeta yanapungua, ni habari nyingine: gasketi ya silinda hedi. Wa bluu ni oili inayoungua. Mweusi ni dizeli nyingi kuliko hewa, na mara nyingi chujio la hewa limejaa vumbi la barabara za kuelekea mialoni.

Ukipiga selfu, usizidishe sekunde 15 kwa mkupuo. Pumzisha dakika moja. Stata nyingi zinaungua si kwa uzee, zinaungua kwa dereva mwenye haraka.

Kitambaa cha petroli: acha kabisa

Naomba nisikilizwe vizuri hapa, hasa na vijana. Gari likigoma, hakosekani mtu wa kuchovya kitambaa kwenye petroli na kukiweka kwenye mdomo wa chujio la hewa, au kupuliza kopo la etha. Injini itawaka kwa kishindo na wote watashangilia. Lakini mvuke ule unawaka kabla ya wakati wake, pistoni ikiwa bado inapanda. Moto unaipiga nyundo kutoka juu. Ringi zinavunjika, pistoni inapasuka, fito za pistoni zinapinda. Kama plagi za hita zina moto, mvuke unaweza kulipukia humohumo kwenye njia ya hewa, na kitambaa kikakuunguza uso. Baya zaidi, injini huizoea: ringi zikishachoka mgandamizo unapungua, na injini isiyo na mgandamizo haiwaki tena bila kitambaa. Nimeona injini nzima ya 5L ikifa hivyo ndani ya msimu mmoja, wakati kilichohitajika ni plagi nne.

Kupima plagi za hita, hatua kwa hatua

Kazi hii haihitaji kompyuta. Unahitaji spana ndogo, na mita ya umeme ya fundi au balbu ya volti 12 yenye nyaya mbili.

1. Funga switchi, toa waya hasi wa betri. Usiruke hatua hii, kwa sababu kile kibati kinachounganisha plagi kinapokea umeme mkubwa moja kwa moja.

2. Tafuta plagi: zimepangwa mstari mmoja kwenye silinda hedi, moja kwa kila silinda, zimeunganishwa na kibati hicho juu yake. Fungua nati ndogo, toa kibati. Nati zikianguka chini ya injini ya Hiace utazitafuta mchana kutwa, hivyo tandika kitambaa.

3. Weka mita kwenye omu. Ncha moja iguse kichwa cha plagi, nyingine chuma kisafi cha injini. Plagi nzima itaonyesha takriban omu moja au chini yake. Iliyokufa haionyeshi kitu, kama waya uliokatika.

4. Kama huna mita, rudisha waya hasi wa betri. Unganisha waya mmoja wa balbu kwenye chanya ya betri, na mwingine ugusishe kichwa cha kila plagi. Balbu ikiwaka, plagi ina njia ya umeme. Isipowaka, imekatika.

5. Zikiwa zote nzima na tatizo lipo, rudisha kibati na waya hasi wa betri, mtu awashe switchi bila kupiga selfu, pima volti kwenye kibati. Kusipofika umeme, angalia fyuzi kubwa ya plagi, kisha rilei yake. Rilei nzima utaisikia ikilia "ta!" switchi inapofunguliwa.

Kung'oa plagi kuna ujanja wake. Injini iwe ya vuguvugu, mwagia mafuta ya kulegeza kutu, subiri, kisha fungua taratibu ukirudisha nyuma kidogo kila inapokaza. Ncha ikikatikia ndani, itabidi hedi ishuke. Unapofunga mpya, anza kwa vidole, kaza kwa kiasi; ni chuma chembamba. Na nunua plagi ya volti ileile iliyoandikwa kwenye ya zamani. Zipo zilizotengenezwa kwa volti ndogo kuliko 12, zikipewa umeme wote wa betri zinaungua siku hiyohiyo. Badilisha zote kwa pamoja. Zilizozeeka pamoja hufuatana kufa.

Kuhusu taa ya koili kwenye dashibodi: ikizimika haimaanishi plagi ni nzima. Katika magari mengi hufuata muda uliopangwa tu. Nimekutana na gari lenye plagi nne zilizokufa na taa ikiwaka na kuzima kwa adabu kila asubuhi.

Betri, na chumvi ya kayabo

Betri iliyojaa, ikiwa imepumzika usiku, inasoma volti 12.6 au zaidi kidogo. Ikisoma 12.2, iko nusu. Mtu apige selfu huku unapima: ikiporomoka chini ya 9.6, betri imechoka au kuna kiungo kibovu. Gari likishawaka, alteneta inapaswa kutoa kati ya 13.8 na 14.4. Joto ndilo linalomaliza uhai wa betri, baridi huja kutangaza msiba tu. Kwenye nyuzi sifuri betri inapoteza karibu moja ya tano ya uwezo wake, na wakati huohuo oili imekuwa nzito na injini inadai nguvu zaidi.

Lakini kwetu sisi wa samaki, mara nyingi betri haina kosa. Kosa ni athi, ule waya wa hasi. Maji ya barafu yaliyochanganyika na damu ya samaki yanapenya sakafu, na waliobeba kayabo, yaani sangara wa chumvi wanaokwenda Kongo, wanajua chumvi ile inavyokula chuma. Nchi za barafu wanamwaga chumvi barabarani ili barafu iyeyuke, na magari yao yanaoza kwa chini. Sisi tunaibeba wenyewe ndani ya gari. Matokeo ni yaleyale: waya mnene unaotoka hasi ya betri kwenda kwenye bodi na injini unaota unga wa kijani, umeme unapita kwa shida, na dereva ananunua betri mpya bure.

Kila mwezi fungua vichwa vya betri na kiungo cha athi, sugua kwa msasa hadi ing'ae, kaza, paka grisi juu. Osha chini ya gari kwa maji ya bomba kila baada ya mzigo wa chumvi. Ndani, tandika turubai zito lenye kingo zilizoinuliwa, na maji ya barafu yatoke kwa mpira unaopita nje ya chesi.

Neno kwa anayeagiza gari Japani: magari ya dizeli yaliyoandaliwa kwa mikoa ya baridi kama Hokkaido mara nyingi huja na betri mbili. Ni faida kubwa, ila zichajiwe na kubadilishwa zote mbili pamoja, maana mbovu inaivuta nzima. Na gari la huko, lala chini yake uikague chesi kwa nyundo ndogo kabla ya kufurahia injini, kwa sababu ya ile chumvi ya barabarani.

Maji kwenye dizeli ndiyo baridi yetu

Kule kwenye theluji dereva anaogopa dizeli kuganda. Huku ziwani tuogope maji. Yanaingia kwa njia nyingi. Tenki likilala nusu tupu, hewa yenye unyevu wa ziwa inapoa usiku na matone yanajitengeneza kwenye kuta za tenki. Dumu la mafuta linalosafiri kwa boti kwenda Ukerewe au visiwani linanyeshewa, mfuniko wake haufungi sawasawa. Na wakati wa masika, Machi hadi Mei, maji ya mvua hupata njia hata kwenye matenki ya chini ya ardhi ya sheli.

Mwaka mmoja nilijaza tenki kwenye sheli moja wakati lori la mafuta linashusha mzigo palepale, mvua inapiga. Nilikuwa na sangara wa kupeleka Musoma. Nimepita Magu, gari likaanza kukohoa, likafa kabla ya Lamadi. Chujio lilikuwa limejaa maji hadi juu. Samaki niliuza kwa bei ya kutupa, na pampu ikaenda kwa fundi pampu. Tangu siku hiyo, nikikuta lori linashusha, naondoka. Mafuta yakimwagwa yanavuruga uchafu na maji yaliyotulia chini, na pampu ya sheli inavuta kutoka hukohuko.

Maji ni mazito kuliko dizeli, hivyo yanakaa chini. Hilo ndilo linalotusaidia kuyatoa:

1. Fanya asubuhi, kabla ya kuwasha, gari likiwa limelala. Maji yatakuwa yameshuka.

2. Kata chupa ya maji ya plastiki inayoonekana ndani, iweke chini ya chujio la dizeli. Chini ya chujio kuna skrubu ya plastiki au kibomba. Legeza kwa mkono, mizunguko michache.

3. Kama kuna pampu ya mkono juu ya chujio, ibonyeze taratibu ili maji yasukumwe. Acha itoke kiasi cha nusu kikombe.

4. Acha chupa itulie dakika 15. Dizeli safi inang'aa, unaona vidole vyako upande wa pili. Maji yanakaa chini na mstari ulio wazi, au yanazunguka kama shanga. Ukiona utelezi mweusi kati ya maji na dizeli, hao ni vijidudu wanaoishi mpakani hapo, na joto la kwetu wanalipenda. Hilo ni tenki la kushushwa na kuoshwa.

5. Rudia hadi itoke dizeli tupu. Kaza skrubu kwa mkono, bonyeza pampu ya mkono hadi iwe ngumu, ndipo uwashe.

Nafanya hivi kila wiki wakati wa mvua, kila baada ya kutumia mafuta ya dumu, na mara moja kwa mwezi wakati wa kiangazi. Tenki nalijaza jioni, si asubuhi, ili usiku lisibaki na nafasi ya hewa. Mafuta ya dumu nayaacha yatulie usiku kucha, nayamimina kwa mpira wa kunyonya bila kufika chini, lita moja ya mwisho haingii kwenye gari.

Kwenye 1KD na 2KD nazidisha ukali, kwa sababu dizeli yao inasukumwa kwa zaidi ya baa 1,000 na vipande vya nozeli vinalainishwa na dizeli yenyewe. Tone la maji pale ni kutu na mikwaruzo. Na tafadhali: kwenye injini hizi usilegeze kamwe mabomba ya nozeli ili kutoa hewa kama tulivyozoea kwenye 3L. Dizeli yenye msukumo huo inapenya ngozi kama sindano. Usipoona taa ya maji kwenye dashibodi, usidhani hakuna maji.

Dizeli ikikupa shida, chukua risiti ya EFD, chota sampuli kwenye chupa safi, peleka malalamiko EWURA, mamlaka inayodhibiti nishati na maji. Tangu 2010 mafuta yanawekewa vinasaba, hivyo yaliyochakachuliwa hutambulika.

Oili na maji ya rejeta

Hapa sina mengi. Herufi W kwenye kopo la oili inahusu baridi: namba iliyo mbele yake ikiwa ndogo, oili inatiririka upesi zaidi asubuhi ya baridi. Kwa 3L na 5L za Mwanza, 15W-40 inatosha. Safari ya Makete natia 10W-40. Injini mpya fuata kitabu cha gari.

Kwenye rejeta, acha maji ya ziwa. Mwanza iko zaidi ya mita 1,100 juu ya bahari, maji matupu yasiyo na mfuniko mzuri yanachemka hapa kwenye takriban nyuzi 96. Kulanti nusu kwa maji masafi nusu hupandisha kiwango cha kuchemka, huzuia kutu, na huvumilia baridi hadi karibu nyuzi 37 chini ya sifuri. Maji matupu yakiganda yanatanuka na kupasua bloku. Na usitoe thamostati eti injini ipoe: injini isiyopata joto inachoma dizeli vibaya na kuchafua oili.

Kwa ndugu aliye kwenye nchi za theluji

Wapo wenzetu wanaoendesha van za dizeli Kanada au nchi za Ulaya kaskazini, na huniuliza. Huko tatizo ni nta iliyo ndani ya dizeli: baridi ikizidi, nta inajitenga kama samli, inaziba chujio. Sheli za huko hubadilisha dizeli kwa msimu, zipo aina zinazopita kwenye chujio hata kwenye nyuzi 44 chini ya sifuri. Kwa hiyo usiingie majira ya baridi na tenki la mafuta ya kiangazi. Dawa ya kuzuia nta hutiwa kabla haijaganda, ikishaganda haiyeyushi. Injini huwekewa hita inayochomekwa kwenye umeme wa nyumba, iwashwe saa mbili au tatu kabla ya kuondoka. Usichanganye mafuta ya taa kwenye injini mpya, yanapunguza ulainisho wa pampu. Na ikiwa imeganda, ivute ndani ya jengo lenye joto usubiri.

Asubuhi ya Makete

Kutoka Mwanza ninapita Shinyanga, Singida, Dodoma, Iringa, Makambako, Njombe. Kabla ya kutoka nimeshapima plagi, betri na athi, nimebadilisha chujio la dizeli na ninalo jingine jipya kwenye gari, pamoja na nyaya nene za kubustia, plagi mbili za akiba na tochi. Kitulo, uwanda wa juu wa huko Makete, iko zaidi ya mita 2,600, na kati ya Juni na Agosti nyasi zake huamka nyeupe kwa jalidi.

Jioni naegesha nyuma ya ukuta, upande unaozuia upepo, pua ya gari ikitazama mashariki ili jua la kwanza liikute injini. Naegesha kwenye mteremko ikiwezekana. Tenki limejaa.

Alfajiri nazima taa zote, feni na redio. Nafungua switchi, nangoja taa ya koili izime, nahesabu tena hadi kumi. Nafunga, nafungua mara ya pili, nangoja tena. Kisha nakanyaga klachi hadi chini ili stata isizungushe giaboksi lenye oili nzito, na napiga selfu bila kukanyaga mafuta. Ikishika kwa silinda mbili, sikati. Naacha stata isaidie hadi zote zishike. Sipigi resi. Nusu dakika, dakika moja, naondoka taratibu kwa gia ndogo, kwa sababu injini ya dizeli haipati joto ikisimama.

Ikikataa mara tatu, sitafuti kitambaa wala siweki jiko la mkaa chini ya sampu, lile beseni la oili. Magari yameungua hivyo. Nasubiri jua hadi saa tatu, au namwaga maji ya moto polepole juu ya kitambaa kilichofunika chujio la dizeli na bomba lake, mbali na nyaya, kamwe si kwenye bloku baridi. Kama betri imeisha, nabusti: chanya kwa chanya kwanza, kisha hasi ya gari zima kwenye chuma cha injini yangu, mbali na betri, na nyaya zinatolewa kwa kurudi nyuma.

Viazi vikishapakiwa, kabla sijashuka kwenda Njombe, naweka chupa chini ya chujio na kufungua skrubu. Mafuta niliyojaza njiani yamelala kwenye baridi usiku mzima, na kama yalikuja na maji, yameshashuka chini.